Sufuri Tatu za Muasya

Kinyanjui aliniletea ile karatasi Jumamosi asubuhi, nikiwa mlangoni nachambua maharagwe. Hakuketi. Alisimama mikono nyuma kama mtu ametumwa na kanisa, akasema, "Nyina wa Wainaina, mambo imeisha. Mpimaji amemaliza. Soma mwenyewe."

Nilivaa miwani nikasoma. Juu kulikuwa na jina la Muasya, mpimaji wa mashamba kutoka Ruiru, na mhuri wake wa bluu. Katikati kulikuwa na namba moja ndefu ya mita, 9,886,412.30, na chini yake wameandika: Vipimo 40. Mtawanyiko 0.00.

"Mtawanyiko ndiyo nini?"

"Ni vile vipimo vinaachana. Akipima mara ya kwanza apate hapa, ya pili apate pale, hiyo ndiyo mtawanyiko. Sasa huyu amepima mara arobaini na hakuna kuachana hata kidogo. Sufuri, nukta, sufuri, sufuri." Aliniinulia vidole vitatu. "Hata korti haiwezi kukataa hiyo."

"Arobaini zote sawa?"

"Zote."

"Kinyanjui, wewe una watoto wanne wa mama mmoja. Umewahi kuona wawili wamelingana?"

"Hao ni watoto, maitu. Hii ni kompyuta." Akageuka kwenda, kisha akakumbuka. "Mafundi wanaanza kuchimba msingi Jumatano."

Nilibaki na maharagwe yangu na zile sufuri tatu. Nimeishi na Kinyanjui akiwa jirani tangu akivaa kaptura na kuniita maitu, yaani mama, na sijawahi kumwona akitembea na furaha ya namna ile bila sababu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ploti yetu hapa Kiganjo na ya kwao zinashikana ubavu kwa ubavu. Huku mbele barabarani kuna chuma cha serikali cha mpaka kilichozikwa, na hakuna anayebishania hicho. Huko nyuma chuma kilipotea zamani, na ramani ya ofisini inaonyesha tu kwamba mpaka upo, haisemi ni wapi hasa. Kilichokuwa huko nyuma ni itoka. Itoka ni yungiyungi la porini, lenye maua meupe ya mistari ya waridi, na kitunguu chake huenda chini sana. Mtu wa kwetu akiliona limesimama peke yake shambani haulizi ni la nini. Mume wangu Githae na baba yake Kinyanjui walilipanda pamoja, kila mmoja ameshika jembe upande wake, na tumelelewa tukijua kwamba mwenye kuling'oa itoka la mpaka amejitafutia laana.

Githae mwenyewe tulimzika huko nyuma, karibu na migomba yake, na kaburi tukalifunika kwa saruji. Sasa Kinyanjui anataka kujenga ghorofa la kupangisha, na kwanza anataka ukuta wa mawe. Tulikubaliana ukuta ukalie mpaka katikati, yeye futi moja na mimi futi moja. Tulichanga kumleta mpimaji. Na mimi nilijua, kwa kuangalia tu kwa macho, kwamba itoka likibaki pahali pake, mtaro wa msingi unapita kando ya Githae bila kumgusa. Lakini mpaka ukisogea kwangu hata shubiri moja, jembe litakata saruji upande wa kichwa.

Ndiyo maana sikuruhusu Muasya apime bila mimi kuona.

Alikuwa amekuja mara ya kwanza Jumatatu iliyotangulia, na mashine yake juu ya mti mrefu wenye rangi nyekundu na nyeupe. Alipigilia kigingi kidogo cha mbao kando ya itoka ili ajue pa kusimamisha ule mti. Alisema mashine inaongea na setilaiti, na kila ikiongea inapata jibu tofauti kidogo, kwa hivyo atapima mara nyingi kisha achukue wastani. Hapo nilimpenda kidogo. Mtu anayekubali kwamba chombo chake hukosea, huyo unaweza kumpa chai. Lakini nilimwambia asome kila kipimo kwa sauti, na mjukuu wangu Wanja aandike.

"Shosho, mashine inajiandikia yenyewe," Muasya alisema akicheka, akiniita nyanya kama Wanja.

"Ijiandikie. Na sisi tujiandikie."

Wanja anasomea uuguzi na amepanga chumba Kahawa Wendani, lakini siku hiyo alikuwa nyumbani. Alianza kuandika ile namba yote, milioni tisa na nini na nini, na kabla hajafika mwisho Muasya ameshasoma nyingine.

"Shosho, huyu anakimbia!"

"Kwani hiyo milioni tisa inabadilika?"

"Haibadiliki. Inayobadilika ni huku mwisho tu, sentimita."

"Basi iache. Andika mkia."

Hiyo nilijifunza kiwandani kwa kahawa, nilikoshika daftari la mizani miaka kumi na minne. Kila gunia lilitakiwa liwe kilo sitini. Hatukuandika sitini, sitini, sitini, mpaka mkono uoze. Tuliandika tu kilichozidi au kilichopungua: moja juu, mbili chini, nusu juu. Ukitaka kujua mzani una wazimu au mpakiaji ana wazimu, hiyo mikia ndiyo inakuambia. Sitini haikuambii kitu.

Basi Wanja akaandika mikia ishirini: 08, 12, 09, 11, 10, 13, 07, hivyo hivyo. Saa nane mvua ikaanza, Muasya akafunga vitu vyake, akasema atarudi Ijumaa kumalizia ishirini zilizobaki kwenye kigingi kile kile. Ijumaa ikafika nikiwa kliniki ya presha, na Wanja amerudi chuoni. Aliyekuwa hapo ni Kinyanjui peke yake.

Kwa hivyo Jumamosi ile, alipoondoka, nilitoa daftari la Wanja chini ya godoro. Namba ya kwanza ni nane. Ya pili ni kumi na mbili. Sasa hizo zimeachana au hazijaachana? Hata kabla ya kufika ya tatu, zile sufuri zilikuwa uwongo.

Halafu nikaona jambo lingine, na hili lilinifanya niache maharagwe. Vipimo vya Jumatatu vyote vinacheza kwenye kumi. Karatasi inasema mkia wa wastani wa zote arobaini ni thelathini. Nilichukua maharagwe ishirini nikayaweka kushoto, ishirini nikayaweka kulia, ili nisijichanganye. Kama hawa wa kushoto kila mmoja ni kumi, na wote pamoja wastani wao ni thelathini, basi hawa wa kulia kila mmoja lazima awe hamsini. Jumatatu kumi, Ijumaa hamsini. Sentimita arobaini, na Muasya alikuwa amesema namba ikipanda ni kuja upande wangu.

Nilienda nyuma nikaliangalia itoka. Kigingi kilisimama kando yake kama kawaida. Lakini majani yalikuwa yamelegea, na udongo wa chini yake ulikuwa laini, unaingia kidole.

Kinyanjui alilihamisha. Hivyo ndivyo nilivyosema moyoni, na sikuliweka moyoni kwa muda mrefu. Mchana, wanawake wa ushirika wetu wa kanisa walikuwa wanaingia kwangu kwa maombi, saba kwa hesabu, na yeye alikuwa kwa lango lake anapokea lori la mawe. Nikamwitia papo hapo.

"Kinyanjui! Wewe umeng'oa itoka la baba yako!"

Wale wanawake walisimama kama kuku wamesikia mwewe. Hilo si neno la kumwambia mtu barabarani. Kinyanjui aliweka chini jiwe alilokuwa ameshika.

"Unasema nini, maitu?"

"Jumatatu lilikuwa kumi. Ijumaa ni hamsini. Ni nani alikuwa hapa Ijumaa?"

"Kumi ya nani? Ya daftari la mjukuu wako? Hata mimi nikimpa mtoto wangu kalamu ataandika vile nataka." Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Hebu tumia akili. Kama itoka lingesonga katikati ya kupima, vipimo si vingeachana? Na karatasi inasema vimeachana ngapi? Sufuri! Kompyuta yenyewe imenitetea. Nenda ukabishane na setilaiti."

Na hapo alikuwa amesema kweli. Kama sufuri ni ya kweli, itoka halikusonga, na mimi ni mwanamke mzee anayetukana watu. Ni Wilkister aliyekuja kunishika kiwiko. Huyo ni mpangaji wangu, msichana wa Siaya anayefanya kazi kiwandani Makongeni, na huniita Dani kama angemwita nyanya yake.

"Twende ndani, Dani. Presha itapanda."

"Mwizi!" nilisema tena nikiingia, ili wale saba wasidhani nimeshindwa.

Jumatatu nilienda Ruiru na Wanja. Ofisi ya Muasya iko juu ya duka la rangi, na ngazi zake ni kali kwa magoti. Njiani Wanja alinionya mara tatu.

"Shosho, please, usimwambie amekula hongo. Uliza tu pole pole."

"Nitauliza pole pole."

Nilipoketi niliuliza pole pole, "Muasya, Kinyanjui alikupa nini?"

"Ngai, Shosho!" Wanja akafunika uso.

Muasya hakukasirika vile nilivyotarajia. Aliumia. Ana uso mwembamba wa mtu ambaye bado hajazoea kutukanwa. "Shosho, wote wawili mlinilipa sawa, na nikawapa risiti. Mimi sijui ua lenu linampendelea nani. Nilipima, nikaweka kwa kompyuta, kompyuta ikasema."

"Nionyeshe ikisema."

Alifungua lile jedwali lake, lile la masanduku masanduku. Huko juu kuna mahali pa kubandika vipimo, na huko chini majibu yanatokea yenyewe. Alinionyesha chini. Wastani, 9,886,412.30. Mtawanyiko, 0.00.

"Umeona? Sufuri. Mpimaji akipata sufuri anaenda kulala."

"Na hizo arobaini zenyewe?"

"Ziko huko juu."

"Ulizisoma?"

"Nani anasoma namba arobaini, Shosho? Si ndiyo sababu tuna kompyuta?"

"Mimi nasoma. Tembeza."

Akatembeza. Wanja alifungua daftari, na mimi nikaweka kidole kwenye mstari. Muasya akawa anasoma mikia tu, na sisi tunafuata. Nane. Nane. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Tisa. Tisa. Mpaka ya ishirini, daftari letu na mashine yake walikuwa ndugu wa tumbo moja. Halafu akafika ya ishirini na moja.

"Arobaini na tisa," alisema. Akasoma inayofuata kwa sauti ndogo zaidi. "Hamsini na mbili. Hamsini. Arobaini na nane."

Aliacha kusoma. Huko chini duka la rangi walikuwa wanatikisa makopo kwa ile mashine yao, na ofisi yote ilikuwa inatetemeka kidogo.

"Hizi ni rundo mbili," Muasya akasema. "Hii si pahali pamoja."

"Kwani mimi nimekuja kukuambia nini?"

"Lakini basi mtawanyiko..." Akarudi chini. Zile sufuri tatu zilikuwa hapo bado, zimekaa tu. Aliandika upya, akabandika upya, akafunga jedwali akafungua. Sufuri. Alikuwa anatoa jasho sasa. "Hii fomula nilipewa na mwalimu wangu. Nimeitumia miaka mitatu. Haijawahi kunisumbua."

"Ama hujawahi kuisumbua wewe," Wanja akasema.

"Jaribu na mikia," nikamwambia.

"Mikia ndiyo nini?"

Wanja akamsomea kutoka kwa daftari, na zile za Ijumaa akazisoma kwa kioo cha kompyuta. Nane, kumi na mbili, tisa. Arobaini na tisa, hamsini na mbili. Muasya akaziingiza zote arobaini kwenye jedwali lile lile, kwenye fomula ile ile ya mwalimu wake. Jibu likatokea kabla hajaondoa kidole.

Ishirini. Ishirini na kitu, sentimita.

Mashine ni moja, fomula ni moja, itoka ni moja. Ukiandika namba nzima inasema sufuri, ukiandika mkia inasema ishirini. Sasa hapo nilianza kuishuku kompyuta yenyewe, kwa sababu mtu anayebadilisha maneno kulingana na vile umemuuliza, hata polisi wanamfahamu.

Muasya alivuta karatasi akaanza kupiga hesabu kwa mkono, na baadaye akaweka kalamu chini akacheka vibaya, kicheko cha mtu ameona nyoka ndani ya kiatu alichokuwa amevaa.

"Shosho, ngoja nikueleze. Umewahi kuona ile mizani kubwa ya kupima malori?"

"Nimeiona."

"Sasa wewe unataka kujua uzito wa kifaranga. Unapima lori likiwa na kifaranga ndani. Halafu unatoa kifaranga, unapima lori tupu. Unatoa hii kwa hii. Utapata ngapi?"

"Nitapata sufuri. Ule mzani hauwezi kusikia kifaranga."

"Hiyo ndiyo fomula yangu. Inachukua kila kipimo, inakizidisha kwa chenyewe. Milioni tisa mara milioni tisa, hiyo ni namba ya tarakimu kumi na nne. Inajumlisha arobaini za hivyo, zinakuwa kumi na sita. Na kompyuta inashika tarakimu kama kumi na tano, kumi na sita hivi, zinazozidi zinaanguka. Halafu inatoa lori kwa lori. Tofauti yetu ilikuwa kifaranga. Imeanguka."

"Na haikuniambia imeanguka."

"Haisemi."

"Mtu asiyejua husema sijui. Hii ilisema sufuri."

Alibonyeza kitu kingine, akasema jedwali lenyewe lina njia yake ya ndani ya kupata mtawanyiko, ambayo inaondoa wastani kwanza kabla ya kuzidisha. Nayo ikatoa 0.20, hata kwa namba nzima. Kwa hivyo kosa lilikuwa la fomula aliyorithi, na la yeye kuiamini. Alisema hayo mwenyewe, sikumlazimisha. Halafu aliangalia kabati la mafaili nyuma yake, mafaili ya miaka mitatu, na nikajua anahesabu ni ploti ngapi aliziambia sufuri. Nilimhurumia. Lakini nilikuwa na kaburi la kuchunga.

"Kesho unakuja na mashine," nikamwambia. "Na hiyo ishirini uichape, uipige mhuri."

Jumanne saa nne alikuwa Kiganjo. Nilimwita Kinyanjui, akaja na kofia yake ya ujenzi ingawa hakuna kilichokuwa kinajengwa. Muasya alimpa ile karatasi mpya, akamweleza lori na kifaranga, na kumwambia wazi kwamba karatasi ya kwanza si kitu. Kinyanjui aliisoma mara mbili.

"Kwa hivyo limesonga," alisema pole pole.

"Limesonga kati ya Jumatatu na Ijumaa. Sentimita arobaini."

"Kuja kwangu," nikasema. "Na anayefaidi ni nani?"

"Maitu, usianze."

"Sijaanza. Nauliza tu."

Muasya alishika mti wake akaanza kutafuta pahali pa Jumatatu, akipiga hatua ndogo ndogo, mashine ikimwelekeza. Alipita itoka. Alienda upande wa Kinyanjui kidogo. Akasimama, na mguu wake mmoja ulikuwa ndani ya ule mfereji mdogo unaopeleka maji ya bafu barabarani.

"Ni hapa," akasema. "Katikati ya maji."

Wilkister alikuwa ameamkia kuosha nguo, zamu yake ilikuwa ya usiku. Alitoka na beseni, akatuona wote tumekodolea macho mfereji.

"Kwani umeziba tena? Dani, niliuchimba vizuri kabisa, tena kwa mstari."

"Uliuchimba lini?" Muasya akauliza.

"Jumanne ile ingine. Dani aliniambia maji ya bafu yanaenda kwa kaburi la mzee, niyapeleke upande huu. Nikakuta hilo ua limekaa njiani." Alilionyesha itoka kwa kidevu. "Sikulitupa! Ua zuri hivyo? Nililing'oa pole pole nikalipanda hapo kando, nikalimwagilia. Hata kale kajiti kake kalikokuwa kanalishikilia lisianguke, nikakachomeka tena vile vile."

Muasya alikiangalia kigingi chake.

Mimi niliangalia chini. Ni kweli nilimwambia. Nilisimama mlangoni na kikombe mkononi nikasema, Wilkister, hebu nitolee hayo maji kwa mzee. Nikasahau siku hiyo hiyo. Kwao itoka ni ua, na mimi sikuwa nimemwambia kwetu ni nini. Nilikuwa nimemshuku Kinyanjui, nikamshuku Muasya, nikashuku kompyuta na setilaiti juu mbinguni, na mkono uliohamisha mpaka ulitumwa na mdomo wangu.

"Haiya," Kinyanjui akasema. Alivua kofia. Nilidhani atacheka, lakini alikuwa anafikiria, na nikaona macho yake yanafanya vile yangu yalifanya juma zima. "Hiyo ni hadithi tamu. Mpangaji wako, daftari lako, mjukuu wako. Na sasa mpaka unarudi kwangu. Nitajuaje hamkukaa chini mkapanga?"

"Ati tupange?"

"Mimi nauliza tu, maitu. Si hivyo wewe husema?"

Wilkister alianza kulia, na mimi sikumkasirikia Kinyanjui, kwa sababu lilikuwa swali zuri. Ningekuwa yeye ningeliuliza.

Muasya ndiye aliyesema, "Huo mmea una kitunguu, sivyo? Kinaenda chini?"

"Sana," nikasema.

"Basi mtu akiung'oa bila kukijua, si kitakatika?"

Kinyanjui alishuka mwenyewe. Alipiga magoti na suruali yake nzuri, akayazuia maji kwa tope, akachimba kwa mikono chini ya ncha ya mti wa Muasya. Alichimba mpaka kiwiko. Mara akaacha. Alitoa kipande cheupe, kimevimba kama kitunguu maji, na mizizi minene imekishikilia. Akachimba tena akatoa kingine, kidogo, chenye chipukizi la kijani lisilo na nguvu. Akalikung'uta udongo. Hakuna mtu angepanda hivyo vipande futi mbili chini ndani ya mfereji wa maji kwa juma moja. Vilikuwa vimezaliana huko miaka na miaka.

Alivipangusa tope kwa kidole gumba. Baba yake alikuwa ameshika jembe hapo.

"Ni hapa," akasema hatimaye.

"Ni hapo."

"Sawa. Lakini wewe uliniita mwizi mbele ya watu saba. Niliwahesabu. Mafundi hawashiki jembe hapa mpaka hao saba waje wasikie umesema kitu kingine, na kwa sauti ile ile."

"Kwa sauti ile ile? Na presha yangu?"

"Siku ile presha haikukuzuia, maitu."

Jioni hiyo Wanja aliwapigia simu mmoja mmoja. Jumatano saa tatu walikuwa wamefika wote, na wawili walioongezeka kwa sababu walisikia kuna mambo. Nilisimama langoni nikasema kwamba Kinyanjui hakung'oa itoka la baba yake, kwamba lilihamishwa kwa agizo langu mimi, na kwamba karatasi iliyosema halikusonga ilikuwa na hesabu mbovu, na mimi nilikuwa na hesabu mbovu zaidi. Nilisema kwa sauti kubwa mpaka fundi wa mbali akaacha kuchanganya simenti. Kinyanjui alisikiliza mikono nyuma. Nilipomaliza akasema, "Rudia hapo kwa hesabu mbovu zaidi," wanawake wakacheka, na mimi nikarudia.

Itoka tulilirudisha sisi wawili, mfereji ukapindishwa. Muasya alipima tena mara ishirini, na safari hii aliyeandika mikia daftarini alikuwa Kinyanjui, kwa sababu alisema hataki tena kusomewa. Zikatoka tisa, kumi na moja, kumi, nane. Mtawanyiko, sentimita mbili. Kinyanjui alihesabu na yeye kwa simu yake, akapata mbili, akaniangalia, nikamwambia sawa.

Halafu wakavuta kamba kutoka kwa chuma cha mbele, na majembe yakaanza. Sikwenda kupika. Niliweka kigoda karibu na Githae nikaketi hapo muda wote, wakachimba kuja kwangu, wakanifikia, wakapita. Walipokuwa wamesonga mbele niliinama nikalaza kiganja changu chini, kisigino cha mkono ukingoni mwa mtaro. Ncha za vidole ziligusa saruji.